Ile Taa Inakumulika kwa Kioo Namanga Road: Ni Ambulensi ama Ni Buda na Fundi Wake?

Kama wewe huendesha ama hupanda mat kutoka town kurudi Kitengela jioni, hii ni yako. Uko kwa jam, mbele magari, nyuma magari, boda zinapenya kwa kando kama maji. Ghafla kwa kioo kunawaka buluu na nyekundu. Sema ukweli, kitu ya kwanza unafanya si kusonga. Kwanza unacheki. Ni ambulensi? Ni karao? Ni mhesh amechelewa mahali? Ama ni buda tu wa Prado ameamua jam ni ya watu wengine?

Hizo sekunde za kukisia ndizo stori ya leo. Kama kwa hiyo gari kuna mama amekuwa akivuja damu tangu Bissil, ni yeye analipa bei ya wewe kukisia. Na huwezi kulaumiwa sana, juu umedanganywa mara nyingi.

Sasa, watu wakiongea hii maneno huwa wanasema tu "watu wananunua strobu". Ni kweli, mpya zinauzwa. Lakini kuna njia ingine ambayo haisemwi, na mimi naona hiyo ndio iko na maana zaidi: taa za zamani. Gari la dharura likizeeka, linazeeka kwa injini, kwa gia, kwa bodi, kwa zile sasapensheni zimeuawa na mawe. Taa zake hazizeeki kwa mwendo huo. LED nzuri huhesabiwa maisha kwa makumi ya maelfu ya saa, na mwaka mzima, mchana na usiku, una saa 8,760 peke yake. Ambulensi haiwashi vimulimuli kutwa. Kwa hivyo gari linaweza kuwa limekufa kabisa, limeegeshwa nyuma ya ofisi nyasi zikimea kwa magurudumu, na pale juu ya paa kuna taa ziko na miaka mingi ya kuwaka.

Hizo taa huwa zinaenda wapi? Kaa na hilo swali kidogo, kwanza tuone fundi hufanya nini nazo.

Kuna vizazi vitatu. Cha kwanza ni ile ya kuzunguka: balbu ya halojeni imekaa tuli, motor ndogo inazungusha kioo kuizunguka. Ni kitu rahisi na fundi yeyote anaielewa, lakini inakula stima vibaya. Mimi nilisoma umeme semesta mbili tu kabla karo iniage, lakini hesabu yenyewe haihitaji digrii: balbu ya wati 55 kwa volti 12 inavuta karibu ampia 4.6. Weka nne kwa paa, hiyo ni ampia 18 na bado hujahesabu motor. Betri ya ampia 70 kwa saa, injini ikiwa imezimwa, haifiki saa nne, na kabla ya hapo tayari itakuwa haina nguvu ya kuwasha injini. Hebu fikiria ambulensi imesimama kwa ajali, taa zinawaka vizuri, halafu ikiitwa iende, inasukumwa.

Cha pili ni zenoni, ile strobu yenyewe, inapiga mwanga mkali kama flashi ya kamera. Hapa nataka uskie vizuri kama wewe ni mtu wa kufunguafungua vitu. Lile sanduku lake linachukua volti 12 linazipandisha hadi mamia ya volti, na kapasita ya ndani inaweza kubaki na chaji hata ukizima swichi na kung'oa waya. Vijana wa mtaa wanafungua hizi vitu na bisibisi na mkono mtupu. Hiyo si ujuzi, ni bahati.

Cha tatu ndio LED, na hapa ndipo biashara iko. Ule mwamba mrefu wa taa unaouona juu ya paa, ukiufungua, si kitu moja. Ni vichwa vidogo vidogo vimepangwa, kila kimoja na LED zake chache, kioo chake na waya zake. Kichwa kimoja kinaweza kula chini ya ampia moja. Kava ya juu ikipasuka ama ikigeuka njano kwa jua, vichwa vya ndani mara nyingi bado viko fiti. Unavichomoa, unavipima kimoja kimoja kwa betri, unatupa vilivyokufa, unabaki na vizima. Halafu unavipanga ndani ya kasha jembamba jeusi, unalifunga ndani ya gari juu ya windskrini, pale karibu na vile vibao vya kuzuia jua. Kuna makasha yametengenezwa yasichague gari: mikono yake inasogea, na kuna mpira mbele unaoukata ufuate mkunjo wa kioo chako. Likizimwa halionekani. Likiwashwa, gari zima linageuka.

Na hapo umeelewa kwa nini watu wa aina mbili wanalipenda. Askari wa gari lisilo na rangi ya polisi, huyo ana sababu. Buda wa Prado naye analipenda kwa sababu hiyohiyo, tu yeye hana kazi ya kulihalalisha. Akiona karao anazima, mtu wa kawaida anaendelea na safari yake.

Mimi sitatukana mafundi hapa. Kaunti hii yetu inapenda taa, tusijifanye. Rongai iko Kajiado, na nganya za Rongai zimefundisha kizazi kizima cha vijana kuchomelea, kusuka waya na kufanya taa zicheze na muziki. Huo ni ujuzi wa kweli na unalisha watu. Kuchukua kichwa cha taa kilichotupwa na kukirudishia kazi ni kitu mzuri kuliko kukipeleka kwa jalala. Shida ni kwamba kazi ya disko na kazi ya dharura si kazi moja, na makosa yanaonekana.

Kosa kubwa ni ule mpira. Fundi anaona ni urembo, anauacha. Usiku ukiwasha, mwanga unagonga kioo na kurudi ndani, dere anapofushwa na taa zake mwenyewe akiwa kwa mwendo. Ingine ni kufunga kasha juu ya deshibodi upande wa abiria, mahali eabegi inatokea. Siku ya kugongana, hiyo taa inarushwa kwa uso wa mtu. Kuna joto pia. Juu ya paa kuna upepo, ndani ya kioo hakuna, na unalijua jua la Isinya saa saba. LED bila alumini ya kutosha nyuma ya kutoa joto inaanza kufifia mapema. Halafu kuna tinti: unaweka taa nyuma ya kioo cheusi halafu unashangaa mbona watu hawakuoni. Na ukichomoa taa kwa lori la zima moto, cheki kwanza kama ni za volti 24, maana nyingi ni hizo, na kwa gari ya volti 12 zitakaa zikikuangalia tu.

Lakini kasoro yenyewe ya taa ya ndani hakuna fundi anaweza kuitoa: inaonekana mbele peke yake. Ambulensi ikisimama kando ya Namanga Road usiku, pale kati ya Isinya na Kajiado malori yakija kwa kasi, kinachookoa wahudumu ni taa ya nyuma. Kwa hivyo mtu asikuambie hili kasha linachukua nafasi ya paa. Linasaidia paa.

Sasa turudi kwa sheria, na hapa itabidi tuambiane ukweli. Ving'ora na vimulimuli ni vya polisi, ambulensi, zima moto na wachache wengine waliopewa ruhusa. Kila mtu anajua. Na serikali ikitaka kukaza, inajua vile hukazwa: tarehe 12 Novemba 2018 waliporudisha sheria za Michuki kwa nguvu, mat zilipotea barabarani na watu wakapiga mguu. Hiyo ilikuwa mat ya mwananchi. Ni lini umeona msako kama huo kwa Prado zenye taa za ndani? Karao wa barabarani anajua vizuri kwamba akisimamisha gari la mtu mkubwa, simu itaita, na si ya mtu mkubwa itaita, ni yake.

India walikuwa na huu ugonjwa, na wao taa nyekundu juu ya gari ilikuwa cheo kabisa. Aprili 2017 baraza lao la mawaziri likaamua, na kufika tarehe 1 Mei taa zikatolewa hadi kwa gari ya waziri mkuu, zikabaki za magari ya dharura. Walianzia juu. Hapo ndipo iko tofauti na sisi, hapa kila mara tunaanzia kwa stage.

Lakini mimi nasema tusingoje hiyo siku, kwa sababu kuna kitu kidogo ambacho kaunti inaweza kufanya bila kupigana na mheshimiwa yeyote. Rudi kwa lile swali la taa zinaenda wapi.

Ambulensi ni kazi ya kaunti. Katiba ya 2010 imeandika hivyo kwa Jedwali la Nne, na Kifungu cha 43 kikasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kajiado iko na zaidi ya kilomita mraba 21,000, na sensa ya 2019 ilipata watu 1,117,840. Mgonjwa anatolewa Bissil, na akihitaji Kenyatta, ile barabara ya kutoka Kajiado inapita Isinya, inapita Kitengela katikati, hadi Athi River na Mombasa Road. Yaani ile jam yako ya jioni ni sehemu ya hospitali, upende usipende. Na kwa barabara za huko ndani, za vumbi na matawi ya migunga, taa ya paa ndiyo kitu ya kwanza kupigwa.

Gari la umma likifa, kuna sheria ya jinsi ya kuliondoa, ya 2015, ile ya manunuzi na uuzaji wa mali ya umma. Watu wakiskia hiyo sheria wanafikiria mnada tu. Lakini kipengele cha 165 kinataja kwanza kabisa njia ingine: kuhamisha mali kwenda kwa taasisi ingine ya umma, ama hata sehemu ingine ya taasisi ileile. Mnada uko chini ya hapo. Hakuna haja ya sheria mpya. Kabla gari halijaenda kwa mnada, vua taa, pima vichwa, andika kwa rejista, na zile nzima zirudishwe kwa ambulensi zinazotembea: za paa zirekebishe paa, vichwa vinavyobaki vipangwe kwa kasha la ndani kama msaada wa mbele. Kazi yenyewe wape hao vijana wa Rongai na Kitengela kwa mkataba, na mtu wa ukaguzi aangalie mpira, fyuzi na mahali pa eabegi.

Gari likiuzwa na taa zake, kaunti imeuza vitu viwili kwa bei ya kimoja, na hicho cha pili ndicho kitakukuta kwa kioo chako. Anayenunua anataka injini ama vyuma. Taa anaiuza kando, inapita Kirinyaga Road ama mkono kwa mkono, na kutoka hapo hakuna mtu anauliza ni ya nani.

Magari ya polisi ni hesabu ingine kidogo. Tangu 2013 serikali ilianza kuyakodi badala ya kununua, na gari la kukodi mkataba ukiisha linarudi kwa mwenyewe. Kwa hayo, swali liko kwa mkataba: taa zinabaki na nani?

Matangazo ya minada ya kaunti huwa yanatoka kwa magazeti na kwa tovuti yao, na watu wanaruhusiwa kwenda kuangalia mali kabla ya siku yenyewe. MCA wako ako na namba, na wewe uko nayo. Tangazo lijalo likitoka na kuwe na ambulensi kwa orodha, enda uangalie juu ya paa. Kama taa bado ziko, mpigie ukiwa umesimama hapohapo.