Fundi alikata, binti akapima

Wazazi wengi tukifungua daftari la hisabati la mtoto tunaangalia vema na makosa tu. Mimi nilikuwa hivyo hadi tulipoezeka jiko la nje hapa Nduta, kabla mvua hazijatukuta.

Jiko lina upana wa futi 12. Mbao tulizonunua Kibondo mjini nazo ni za futi 12, kwa hiyo fundi akaona njia rahisi: ubao mmoja ulale juu ya kuta, wa pili ukatwe katikati, vipande viwili vya futi 6 viinuke kushoto na kulia. Mbao mbili, kenchi moja. Kwa kupenda kubana matumizi, nikaitikia. Alishakata mbao tatu binti yangu aliporudi shuleni.

"Baba, hizi hazitainuka."

Nikamwambia asiwafundishe wakubwa kazi. Hakubishana. Akaokota mabua ya mahindi, akakata moja la vidole 12 na mawili ya vidole 6, akayapanga chini. Yale mafupi yakagusana pale tu yalipolala juu ya lile refu. Akapunguza moja likawa vidole 5, hayakukutana kabisa.

Kanuni ni fupi. Chukua upande mrefu kuliko zote. Jumla ya zile mbili zilizobaki lazima iuzidi. Kulingana nao hakutoshi. Basi 5, 6 na 12 hazifungi; 6, 6 na 12 ni mstari; 7, 7 na 12 ni pembetatu. Mgiriki Euclid aliiandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na wapo waliomcheka kwamba hata punda anaijua, maana akiona majani huenda moja kwa moja. (Mbuzi wangu pia wanaijua, muulizeni jirani mwenye shamba.)

Tukakubaliana kimo cha futi 3 ili bati limwage maji. Kila upande ukatoka futi 6 na inchi 8 hivi. Ukiongeza upenu, futi 8. Kenchi moja ikala mbao tatu badala ya mbili, ila masalia ya futi 4 yalitoa nguzo ya katikati.

Fundi alicheka kuliko sisi sote. Mimi nilirudi mjini kununua mbao nyingine. Vile vipande sita vya futi 6 vimekuwa benchi la jikoni, na binti ndiye anayelikalia akifanya kazi za shule.