Zinki ya Kipushi: tani zinatoka, ngapi inabakia?

Makamyo yanatoka Kipushi na konsantre ya zinki. Mugodi ulianza mu 1924, ulilala tangu 1993, ukaamka tena mu 2024. Sasa tukisikia bei ya zinki imepanda ku London, tunaulizana: sababu gani ku nyumba zetu haionekane?

Hesabu iko hivi. Bei ya London ni ya chuma kilichosafishwa. Sisi tunauza unga wake. Mu tani 100 za konsantre, zinki ikiwa nusu, mnunuzi kwa kawaida analipa tani 42 hivi tu. Halafu anakata tena gharama ya kuyeyusha.

Na mu kila tani tunayouza, muko vitu vya inje: dawa za kusafishia majiwe, mazutu, vipuri vya mashini. Vyote vinalipwa dola. Ndiyo maana franga ikianguka, zinki yetu haipate faida kubwa ku soko, juu gharama nyingi hazishuke. Kinachoshuka ni mushahara wa yule anayelipwa franga.

Kwa hiyo kuhesabu tani ku mupaka haitoshe. Tuhesabu kinachobakia: mishahara, kodi, kazi za kampuni za kwetu. Zamani zinki ya Kipushi ilikuwa inasafishiwa Kolwezi, na faida ya kusafisha ilikuwa inabakia Katanga. Leo inabakia kwa wengine.

Wakubwa wakitutajia tani, tuwaulize: ngapi imebakia?