Barazani: Joka juu ya paa la benki

Tangu Mei mnaniuliza mbona safu hii haijasimulia safari yetu ya Orlando. Sababu ni kwamba safari ile ilinigombanisha na mdogo wangu, na sikutaka kuiandika kabla hatujapatana.

Basi nianze na yeye. Mdogo wangu yuko Tanga, kidato cha pili. Januari ya mwaka jana alipoanza sekondari yalimkuta yanayowakuta wengi kwetu. Shule ya msingi yote alisoma kwa Kiswahili, kisha ghafla biolojia, historia, jiografia na hisabati vyote vikawa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono akahamia dawati la nyuma. Mama akanipigia simu: "Mwanangu, mdogo wako siku hizi haongei."

Mimi huku nilikuwa nimenunua vitabu vyote saba vya Harry Potter kwenye mauzo ya vitabu vilivyotumika ya maktaba ya mji, na shangazi alikuwa amevibeba kwenye sanduku lake alipokwenda nyumbani. Mimi mwenyewe sikuwa nimevisoma. Nilivinunua kwa sababu vilikuwa rahisi. Tukakubaliana na mdogo wangu hivi: kila Ijumaa sura mbili. Yeye anasoma kipande kwa sauti, anajirekodi kwenye simu ya mama, ananitumia. Mimi nasoma sura zilezile kwenye nakala ya maktaba ya chuo, kisha namrudishia ujumbe wa sauti kwa Kiswahili: neno hili maana yake hii, hapa kuna mzaha, hapa huyu anadanganya.

Masharti yalikuwa matatu. Hakuna kutangulia, hakuna filamu, hakuna kuulizia mwisho. Masharti haya aliyaweka yeye, si mimi. Alisema akishajua mwisho wa hadithi uvivu unamwingia, na asingependa uvivu umwingie tena.

Vitabu saba vina sura 198, ukiacha ile fupi ya kumalizia. Sura mbili kwa wiki ni wiki 99, karibu miaka miwili, bila kuhesabu wiki za mitihani. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa dakika 20 na haukumaliza ukurasa mmoja. Nilisikia jogoo, nikasikia mama akiita, nikamsikia yeye akirudia neno moja mara sita. Nilikaa nje ya maktaba nikausikiliza wote.

Mpaka Mei mwaka huu tulikuwa sura ya 26 ya kitabu cha tano. Ndipo chama chetu kikaamua kwamba baada ya mitihani twende Orlando, mwendo wa saa saba kwa gari kutoka hapa chuoni. Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilijiambia kwamba bustani ya burudani si kitabu, wala si filamu, kwa hiyo sharti halijavunjwa. Mtu akitaka kwenda mahali hakosi fatwa.

Kwa wale ambao hawajafika, sehemu za ulimwengu wa Harry Potter tulizotembelea pale Orlando ziko katika bustani mbili za Universal zilizo jirani. Upande mmoja ni kijiji cha Hogsmeade na ngome ya shule ya Hogwarts, uliofunguliwa mwaka 2010. Upande wa pili ni London na mtaa wa Diagon Alley, uliofunguliwa mwaka 2014. Katikati inapita treni, na ukitaka kuipanda lazima uwe na tiketi ya bustani zote mbili. Mweka hazina wetu alilijua hilo mapema, Mungu ambariki.

Tulianzia London. Nje kuna safu ya nyumba za matofali, na basi la zambarau la ghorofa tatu limeegeshwa. Nikainua macho kwenye dirisha la nyumba namba 12, na pazia likafunuka. Yule mtumishi mzee mwenye masikio makubwa akachungulia, akajificha. Nilipiga ukelele. Tulikuwa tumekaa na mzee yule kwa miezi kadhaa ya Ijumaa; mdogo wangu alikuwa akiigiza sauti yake kwa Kitanga, akinung'unika kama jirani yetu mmoja ambaye simtaji. Nikatoa simu nimpigie. Kisha nikakumbuka sikumwambia kwamba ninakuja. Nikairudisha simu mfukoni, na hapo moyo ukanigonga kidogo.

Mlango wa kuingilia Diagon Alley umefichwa kwenye matofali, hauna kibao. Unapita, unapinda kona, na mtaa mzima unafunguka mbele yako: maduka yameinama kama walevi, watoto wamevaa majoho, kila mmoja ana fimbo ya kichawi. Fimbo nyingine zina kitu ndani yake, ukizichezesha mbele ya dirisha fulani, vitu vya dukani vinajongea. Tukanunua kile kinywaji chao maarufu. Jina lake limebeba neno "bia", kwa hiyo wawili wetu tuliuliza mara tatu kabla ya kuonja. Hakina kilevi. Ni sukari, malai na ladha ya siagi iliyopikwa na sukari. Bilauri moja inatosha watu wanne waliozoea chai ya rangi.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Mbele yangu nikaona duka kubwa la rangi kali, la vitu vya mizaha, na juu yake jina la ukoo wa wale ndugu mapacha. Mimi niliwaacha Ijumaa iliyopita wakiwa bado wanafunzi, wanauza vitu vyao kwa kujificha. Sasa wana duka! Nilifurahi kama vile watoto wa mtaani kwetu wamefungua biashara, lakini furaha hiyo nilikuwa nimeiiba. Nilitakiwa niipate kwenye ukurasa, pamoja na mwenzangu.

Na mwisho wa mtaa kuna benki. Nguzo zake zimepinda, na juu ya paa amekaa joka mkubwa, mweupe, mwenye makovu. Kila baada ya muda anaguruma kisha anatema moto wa kweli, hata joto lake linakufikia usoni. Katika vitabu tulivyosoma, habari za joka na benki hii zilikuwa tetesi tu, na tetesi zenyewe zilisema majoka yako chini kabisa, ardhini, yanalinda hazina. Huyu kapandaje juu? Nani kamtoa? Nilisimama nimeachama. Watu wote walikuwa wakipiga picha, na kila aliyekuwa karibu nami alijua jibu.

Ndani ya benki kuna mchezo wa kigari kinachokimbia gizani. Wenzangu walikimbilia foleni. Mmoja wao, mtu mwema, akanishika mkono: "Wewe usiingie. Huu ni wa kitabu cha saba." Basi nikabaki nje na mikoba yao, chini ya joka, nikijiona mwaminifu sana.

Akaja kukaa karibu nami mtoto wa miaka kama minane na mama yake. Mtoto akaniuliza ninampenda nani zaidi katika hadithi. Nikamtaja. Hapa simtaji, na mtaona ni kwa nini. Mtoto akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa, akasema, "Na mimi. Nililia sana alipokufa."

Mama yake akamziba mdomo, lakini neno lilikwishatoka. Akaniomba radhi mara nyingi. Nikamwambia si kitu. Akaniambia pole, nami nikaitikia kama mtu aliyefiwa.

Mchana tukapanda treni, tukashuka Hogsmeade, tukaingia ngomeni. Katika picha zinazozungumza nikamwona mtu wangu yule yule, mzima, anawakaribisha watalii. Nikatambua jambo ambalo huenda waliomaliza vitabu hawalioni. Mahali pale hakuna jana wala kesho. Duka la mapacha, joka wa paani, mzee wa dirishani, walio hai na waliokufa, miaka saba yote imemwagwa kwenye uwanja mmoja. Aliyemaliza kusoma anatembea humo kama mtu aliyerudi kijijini kwao, kila kona anaiweka mahali pake. Ambaye hajamaliza anatembea kama mgeni msibani. Anaona nyuso, hajui nani amefiwa na nani.

Nilipanga nimweleze mdogo wangu taratibu, kwa wakati wangu. Lakini mwenzetu mmoja aliweka picha mtandaoni, binamu yetu wa Dar es Salaam akaiona, akaipeleka kwenye kundi la familia na vicheko vitano. Ijumaa ile sikupata sura. Nilipata ujumbe wa sekunde nne: "Dada, nimeona picha. Umeenda."

Nikampigia. Nikamwambia kweli yote: nimeona vitu viwili vitatu, na nimejua habari ya mtu mmoja. Akauliza haraka, "Nani?" Kabla sijafungua kinywa akasema, "Usiseme, usiseme."

Nikajitetea kwa hoja ambayo niliiona nzuri sana. Nikamkumbusha marehemu bibi. Akisema "Paukwa," tukajibu "Pakawa," naye alijua mwisho wa kila hadithi, sisi pia tuliujua, kwa kuwa alituhadithia Sungura na Fisi mara mia. Je, utamu ulipungua? Hata darasani kwetu hapa tumesoma riwaya ambayo mwisho wake ulitajwa wiki ya kwanza, na bado tulipofika mwisho tulinyamaza wote. Nikamwambia kujua mwisho hakuui hadithi. Siri ya mtungi aijuaye kata, basi mimi sasa ni kata, nitakuchotea polepole.

Alinyamaza, kisha akasema, "Bibi alikuwa bibi. Wewe ulikuwa mwenzangu."

Nimefikiria maneno hayo mwaka mzima huu uliobaki, na sijapata jibu lake. Hoja yangu ilikuwa sahihi, ila haikujibu alichokilalamikia. Yeye hakulilia mwisho wa hadithi. Alililia kuachwa nyuma na mtu aliyeahidi kutembea naye. Darasani kila mtu ameshatangulia: mwalimu anajua, vitabu vinajua, watoto waliosoma shule za Kiingereza wanajua. Ijumaa peke yake ndiyo ilikuwa na mtu mmoja mwingine ambaye, kama yeye, hajui kitakachotokea. Mtu huyo nilikuwa mimi, nami nilikwenda kukaa chini ya joka pamoja na wanaojua.

Wiki tano hakutuma kitu. Mama akaniambia yuko chumbani, likizo ya Juni, hacheza hata mpira. Nikaogopa nimeharibu kila kitu. Novemba ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na anayeshindwa hurudia darasa. Nilikuwa nimeyaweka hayo yote rehani kwa picha moja na bilauri ya sukari.

Kisha usiku mmoja simu ikalia. Kwa huku ilikuwa saa nne usiku, kwao alfajiri inakaribia. Akasema, "Nimemfikia. Ni yule wako, sivyo?" Alikuwa amesoma peke yake, kwa Kiingereza, bila mimi kumweleza neno, na daftari la maneno magumu pembeni, mpaka alipofika alipofia mtu yule. Sitaji ni kitabu gani. Alitaka ajue ninachokijua ili tuwe sawa tena. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Kwa hiyo dada, wiki zote hizi ulikuwa na jambo hili peke yako?"

Nikamwambia ndiyo. Akasema pole. Ile ya mama mgeni ilikuwa ya adabu; hii ya pili niliipokea kweli.

Usiku ule mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Nilijua nani, sikujua vipi. Nikasoma siku tatu mfululizo nimfikie, na nilipofika nililia kana kwamba sikuambiwa kitu. Kwa hiyo hoja ya bibi ilikuwa kweli, nilimdai tu mtu asiyehusika.

Sasa tumerudi kwenye sura mbili za Ijumaa, na tuko kitabu cha saba. Lakini mambo yamegeuka. Siku hizi yeye ndiye anayesimamisha ujumbe wangu: "Hapana dada, hapo umeelewa vibaya, rudia mstari wa pili." Mtihani wa Novemba sijui utaendaje, mama anasema amerudi kukaa dawati la mbele, na mimi kwa sasa hilo linanitosha.

Wanachama mtakaopanga kwenda mwaka ujao, sitawaambia msubiri mpaka mmalize vitabu. Nendeni. Ila kama mnasoma na mtu, mwambieni kabla hamjafunga mkanda wa gari, siyo baada ya picha. Na mkikutana pale na msomaji ambaye hajafika mlikofika, jueni mmebeba amana yake.

La mwisho ni ombi. Mdogo wangu na mimi bado hatujajua yule joka alipandaje juu ya paa. Walimu na wenzangu mnaojua, mkinikuta mkahawani niulizeni habari za masomo, za nyumbani, za hali ya hewa. Za joka msiniambie. Ijumaa si mbali.