Mwili wa Mwanamke si Tangazo la Biashara



Vijana wetu hapa Gashoho huangalia nyimbo za video katika simu. Mwimbaji mwanamume huvaa koti na viatu. Wasichana wanaomzunguka huachwa nusu uchi. Hata bia hutangazwa kwa kifua cha msichana. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya starehe, hayahusu chama cha wafanyakazi. Sisi tunasema yanahusu sana.

Tutazame Uganda. Februari 2014 serikali ya huko ilitoa sheria ya kupinga picha za uchi. Nani aliumia? Si tajiri anayeuza picha. Walioumia ni wanawake waliovaa sketi fupi: makundi ya wanaume yaliwakamata barabarani na kuwavua nguo. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vikuu vya sheria hiyo. Lakini ilipokuwa bado inatumika, Februari 2019, waziri mdogo wa utalii wa nchi hiyo hiyo, Godfrey Kiwanda, alizindua mashindano ya wanawake wenye maumbo makubwa, ili kuvuta watalii. Wanawake wengi walipinga. Je, wao ni wanyama wa mbugani?

Hapo ndugu mtaona ujanja wenyewe. Mwili wa mwanamke ukiwaletea wengine faida, unasifiwa. Akitembea nao mwenyewe, anapigwa. Huo ni unyonyaji, sawa na kula jasho la mfanyakazi.

Tena ubaya huo hauishii katika simu. Nyapara aliyezoea kumwona msichana kama bidhaa atamwona hivyo hivyo mama anayechagua kahawa mezani, na kibarua atakitoa kwa masharti ya aibu. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190, unaopinga ukatili na unyanyasaji kazini, pamoja na ule wa kijinsia.

Basi tunataka mambo matatu. Kwanza, picha za namna hiyo zisibandikwe kazini wala katika ofisi za chama. Pili, mwanamke akisumbuliwa na nyapara aje chamani, na sisi wanaume tumsindikize, tusimcheke. Tatu, tusiwapige binti zetu kwa ajili ya nguo. Tumkabili anayetajirika kwa miili yao.

Mwanamke ni mfanyakazi mwenzetu. Anauza kazi yake, hajiuzi yeye.