Asili ipi ya Tristan na Isolde?

Kila inapotoka riwaya mpya ya wapenzi Tristan na Isolde, yenye uchawi mwingi na malkia ajuaye kushika upanga, lawama huwa ile ile: mwandishi kaiharibu hadithi ya asili. Hukumu hiyo hutolewa kwa uhakika wa mtu aliyeiona hiyo asili kwa macho yake. Nami huuliza: asili ipi?

Ya Béroul? Utenzi wake wa Kifaransa wa karne ya 12 umebaki katika nakala moja tu ya mkono, isiyo na mwanzo wala mwisho. Ya Thomas? Yake ni vipande vipande. Gottfried von Strassburg aliitunga kwa Kijerumani mnamo 1210, na hakuimaliza. Ile simulizi nzima, iliyonyooka, ambayo wengi huidhani ndiyo ya kale, mara nyingi ni kazi ya Joseph Bédier, msomi Mfaransa aliyeunga vipande hivyo na kukichapisha kitabu chake mwaka 1900.

Wengine hulalamikia joka, eti hizo ni porojo za waandishi wa siku hizi. Joka lilikuwamo tangu zamani. Tristan aliliua huko Ayalandi, akalikata ulimi na kuuficha mavazini, na sumu ya ulimi huo ikamwangusha hoi.

Halafu kuna ile dawa ya mapenzi. Mama yake Isolde aliitengeneza kwa ajili ya bintiye na Mfalme Mark wa Cornwall, akamkabidhi mjakazi Brangien aitunze, lakini Tristan na Isolde wakainywa baharini bila kujua. Kwa Béroul, limbwata hilo ni la miaka 3. Muda unapokwisha, Tristan yuko porini anamfukuza paa. Anasimama ghafla, anakumbuka kwamba yeye ni mtu wa ikulu na anaishi kama mnyama. Isolde naye anaanza kuwazia watumishi aliowakosa. Kwa Thomas, dawa haiishi mpaka kaburini. Hapo tuna mambo mawili yasiyopatana kabisa kuhusu mapenzi, na yote mawili ni ya karne ile ile. Hata kuhusu kifo watunzi hawakukubaliana: kwa Thomas, Tristan anauawa na uongo wa mwanamke mwingine aliyemwoa, kuhusu rangi ya tanga, ilhali katika simulizi ndefu ya Kifaransa ya karne ya 13, anachomwa mkuki na Mark mwenyewe.

Kwa hiyo mwandishi Rosemary Sutcliff alipoiondoa dawa katika riwaya yake ya mwaka 1971, akawaacha wapendane kwa akili zao timamu, alifanya walichofanya wote waliomtangulia. Unaweza kusema hakufanya vizuri, lakini usiseme hakuwa na ruhusa.

Ugomvi wangu na riwaya nyingi za aina hii uko kwingine. Zinaosha mno. Katika masimulizi ya kale, Isolde anafika kwenye ndoa akiwa si bikira, na usiku wa harusi Brangien anapelekwa gizani kwenye kitanda cha mfalme badala yake. Baadaye Isolde anaingiwa na hofu kwamba siri itavuja, anawatuma watu wamuue huyo huyo aliyemstiri. Kwa Gottfried, watu hao wanamhurumia, wanamwacha hai, na kumrudishia bibi yao ulimi wa mbwa kuwa ushahidi. Mwandishi wa leo anayetaka tumpende Isolde kuanzia ukurasa wa kwanza hukipita kisa hiki mbio mbio, au hukifuta, na hapo wasomaji walinzi wa asili hukaa kimya. Wanaona upanga, ila kitanda hawakioni.

Diana Paxson alithubutu. Katika riwaya yake The White Raven ya mwaka 1988 alimpa mjakazi, ambaye kwake ni Branwen, nafasi ya kusimulia yote. Ni badiliko kubwa kuliko joka lolote, na limetoka kwenye tendo ambalo watunzi wa karne ya 12 waliliacha wazi bila aibu.

Basi anayeniletea riwaya mpya ya wapenzi hawa asihangaike kuniapia kwamba imefuata asili. Nitafungua kwanza usiku wa harusi, nione Brangien kafanywa nini.