Kiti cha mbele apewe mwenye goti bovu, siyo kigogo

KWENYE soka la Bongo, maneno 'Daraja la Kwanza' yalikuwa yanatia homa. Kabla ligi ile haijabadilishwa jina na kuitwa Championship mwaka 2021, timu ikiambiwa inakwenda Daraja la Kwanza maana yake mambo yameharibika. Imeshuka, mastaa wanafungasha mabegi, wadhamini hawapokei simu.

Shabiki wa Utemini, pale mjini Singida, hahitaji kusimuliwa hilo. Aliiona Singida United ikicheza fainali ya Kombe la FA jijini Arusha mwaka 2018 na kulala 3-2 mbele ya Mtibwa Sugar. Miaka miwili baadaye akaiona ikiiaga Ligi Kuu.

Lakini ukitoka uwanja wa mpira ukaenda uwanja wa ndege, maneno hayohayo yanageuka sifa. Huko kila mtu anataka aonekane yupo daraja la kwanza. Na ugonjwa huu umeingia kwenye klabu za mpira. Kigogo anakwea pipa, anakaa kiti kile kipana cha mbele, anapiga picha akiwa na glasi ya juisi mkononi, anaposti. Chini ya picha wanakuja wapambe na maneno yao: "Bosi la mabosi."

Swali ambalo halipo chini ya picha ni moja tu. Timu iko wapi muda huo?

Kwanza ishu yenyewe iwekwe sawa. Kwenye safari za ndani ya nchi, hicho kinachoitwa daraja la kwanza kwa kawaida ni daraja la biashara. Ndege ya Air Tanzania aina ya Q400, ile ya mapangaboi, ina viti 76, na vya biashara ni sita tu. Ile ya Airbus A220-300 ina viti 132, na vya biashara ni 12. Waliobaki wote wanakaa nyuma, na wote wanafika kwa wakati mmoja na yule wa mbele. Rubani hana njia ya kumshusha bosi Dodoma dakika kumi kabla ya abiria wa kiti cha mwisho.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma hewani ni kama saa moja. Ukitoa muda wa kupanda na muda wa kushuka, anayekaa mbele anapata muda wa kunywa kinywaji kimoja na kutafuna korosho, basi. Kwa safari ya usiku kucha kwenda ng'ambo, kiti kinacholala kina maana, mtu anafika amepumzika. Kwa safari ya saa moja, hata usingizi haujaja mkanda unatakiwa ufungwe tena.

Na kwa mtu wa Singida, pipa lenyewe halimalizi safari. Akishatua Dodoma anabakiwa na kilomita 240 hivi za lami kabla hajaliona Ziwa Singidani. Kwenye barabara hiyo hakuna daraja la biashara. Wote wanaruka matuta yaleyale, na wote wanasimamishwa na trafiki yuleyule.

Sasa kinachonunuliwa pale mbele ni nini? Ni kuonekana. Abiria wa mbele anakaa mapema, na wa nyuma wanampita mmoja mmoja na mabegi yao, wanamwona na kumsalimia. Kwa mfanyabiashara anayetumia pesa yake, hilo halina shida. Kala jasho lake, akae anapotaka. Mwenye klabu yake aliyetoa mabilioni mfukoni naye haulizwi habari ya tiketi yake. Shida inaanza pale tiketi hiyo inapolipwa na akaunti ya klabu, halafu mshambuliaji wa klabu hiyohiyo yupo ndani ya basi usiku, kichwa kimegonga kioo, magoti yamebana kwenye kiti cha mbele yake.

Ramani ya Ligi Kuu Bara haina huruma. Timu 16, kila moja inacheza mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za ugenini. Timu ya Singida inatakiwa ifike Kigoma kwa Mashujaa, ifike Mbeya, ifike Tanga, ifike Mwanza kwa Pamba Jiji, iende mpaka Ruangwa kwa Namungo. Kutoka Singida hadi Dar peke yake ni kama kilomita 700. Ukiunganisha hadi mikoa ya kusini, unazipita 1,000.

Mchezaji anayekaa saa 10 au 12 kwenye basi haamki kesho yake akiwa mtu yuleyule. Miguu inajaa, mgongo unakaza, misuli ya nyuma ya paja inakuwa kama kamba iliyokauka. Halafu anaambiwa akimbizane na winga aliyelala kwake. Akichanika dakika ya 20, watu jukwaani wanasema dogo hana mazoezi.

Na hayo ni maumivu ya kawaida tu. Yapo makubwa zaidi. Februari 10, 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, likirudi kutoka Ruangwa ambako timu ilikwenda kucheza na Namungo. Watu wa msafara ule waliumia, na mechi yao iliyofuata dhidi ya Simba ikaahirishwa. Siku ile mashabiki wa timu zote walisahau utani. Kila mmoja aliwaza basi la timu yake.

Kabla ya hapo, Julai 2021, basi la Polisi Tanzania lilipata ajali Moshi likitoka mazoezini, na mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu yote miwili. Ile haikuwa safari ya ndege, ilikuwa safari fupi ya mjini, kwa hiyo pipa lisingemsaidia. Lakini inaonyesha kitu: usalama wa timu unaanzia kwenye mkanda, dereva na breki, siyo kwenye kiti cha kigogo.

Wapo watakaosema mambo ya viongozi hayafanani na ya wachezaji. Kwamba bosi anatangulia kwenda kuweka mambo sawa, anakutana na wadhamini, hawezi kufika amechoka na shati limekunjamana. Hoja hiyo ina uzito wake, na kutangulia kwa ndege si dhambi. Lakini kiti cha safu ya nane nacho kinatangulia. Kinatua dakika ileile. Shati la kwenye kiti cha nyuma kwa muda wa saa moja halikunjamani kuliko la mbele. Na mdhamini mwenye akili hamuulizi mtu alikaa wapi kwenye ndege, anamuuliza timu ipo nafasi ya ngapi.

Wengine watasema klabu za mikoani hazina uwezo wa kuwapandisha ndege wachezaji wote kila safari. Kweli kabisa. Simba, Yanga na Azam wana mifuko yao, na hakuna anayetegemea kila timu iishi hivyo. Ila hapo ndipo hoja ya kiti cha mbele inapokufa yenyewe. Kama klabu haina pesa ya kuwapandisha wachezaji hata nyuma, imepata wapi ya kumkalisha mtu mbele?

Tofauti ya bei ya tiketi moja inaweza kuonekana ndogo. Zijumlishe safari 15 za ugenini, ongeza vikao vya Dar, ongeza wapambe wawili wanaomsindikiza. Hapo zipo tairi mpya za basi. Yupo dereva wa pili wa kupokezana usukani. Upo usiku mmoja wa ziada hotelini ili timu isisafiri gizani.

Pia siku hizi njia hazipo mbili tu. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kutoka Dar hadi Dodoma. Timu inayotoka Singida inaweza kwenda Dodoma kwa basi mchana, ikapanda treni, wachezaji wakanyoosha miguu na kutembea kwenye behewa, wakafika Dar wakiwa watu. Hakuna aibu hapo.

Aibu iliwapata wenye pesa zao, PSG. Septemba 2022 walikwenda kucheza Nantes kwa ndege, wakati treni ya kasi inatoka Paris hadi huko kwa kama saa mbili. Kocha Christophe Galtier alipoulizwa kwa nini hawapandi treni, akatania kwamba labda watumie kigari kinachosukumwa na upepo. Kylian Mbappé, aliyekaa pembeni yake, akaangua kicheko. Ufaransa nzima iliwasema. Kama timu tajiri vile inaulizwa kuhusu usafiri wake, kiongozi wa klabu ya mkoani anaona vipi akiulizwa tiketi tu anasema ameonewa?

Basi kiti cha mbele kisikaliwe kabisa? Hapana, kikaliwe. Kikaliwe na mwenye shida nacho. Timu ikipanda ndege na pesa ya viti viwili vya mbele ikapatikana, apewe beki aliyetoka kupasuliwa goti na anatakiwa anyooshe mguu. Apewe kipa mwenye futi sita na ushee ambaye nyuma anakaa kama kuku wa Singida ndani ya tenga. Daktari wa timu ndiye apange orodha hiyo, siyo katibu. Kiongozi akae safu ya 15 katikati ya vijana wake. Huko atasikia mambo ambayo kwenye kikao hayasemwi: nani hajalipwa posho, nani ana mama mgonjwa, nani anacheza na maumivu kwa sababu anaogopa kupoteza namba.

Singida sasa ina cha kupoteza. Singida Black Stars wamebeba Kombe la Kagame mwaka 2025, wakaingia kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Safari zimeongezeka, za ndani na za nje. Timu ikifika hapo ndipo watu wa karibu nayo wanapoongezeka, na kila mmoja anataka kiti. Mji huu umeshawahi kupanda hivi na kushuka, na waliobaki na machungu ni wale wanaolipa kiingilio.

Hao wana haki ya kuuliza, na hili haliwahusu wa Singida pekee. Mwanachama wa klabu yoyote ya mkoani asiulize tu kocha analipwa ngapi na straika mpya anatoka nchi gani. Aulize basi lina mikanda mingapi inayofungika. Aulize kuna madereva wangapi kwenye safari ya kilomita 700. Halafu aulize, kwa heshima zote, tiketi za viti vya mbele msimu huu zimenunuliwa ngapi na waliokaa ni akina nani.

Kiongozi mwenye majibu atayatoa hapohapo. Anayeanza kutafuta maneno, wanachama wa Utemini wameshajua pesa yao ilikaa kiti gani.