Daudi ni Nani?

Juma lililopita, hapa Butimba, nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wa ualimu namna dondoo la viini vya seli linavyotayarishwa. Seli za binadamu zilizokuzwa maabarani huvimbishwa katika maji yenye chumvi haba, utando wake hupasuliwa kwa kusagwa taratibu, viini hutengwa kwa mashine izungukayo kasi, kisha chumvi nyingi huzitoa protini zilizomo. Yote hufanyika kwenye baridi. Njia hiyo, iliyochapishwa na Dignam na wenzake mwaka 1983 kwa seli za HeLa, imetufundisha mengi kuhusu protini zinazowasha na kuzima jeni.

Nilipotaja seli nyingine, ziitwazo Daudi, binti mmoja akauliza: "Mwalimu, huyo Daudi ni nani?"

Vitabu hujibu kwa ufupi: ukoo wa seli ulioanzishwa mwaka 1967 na Eva na George Klein wa Stockholm, kutokana na uvimbe wa kijana Mwafrika wa miaka 16 mwenye saratani ya Burkitt. Saratani hii ni ya kwetu. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, na hata leo huwapata watoto wa kanda hii ya ziwa, penye malaria. Jina ni letu, uvimbe ni wetu. Chupa ya seli huagizwa ng'ambo, kwa bei ya ng'ambo.

Sipingi sampuli kusafiri. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kilionekana London katika seli za uvimbe uliotoka Uganda, na dunia nzima ikafaidika. Ninachokipinga ni ukimya. Familia ya Henrietta Lacks, ambaye seli zake zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila ridhaa yake, ilifikia mapatano na kampuni ya Thermo Fisher mwaka 2023 tu: miaka 72!

Ndugu zangu mnaopitia maombi ya vibali, mkataba wa kuhamisha sampuli useme waziwazi itakuwaje seli zikiendelea kuishi miaka hamsini, nani ataziuza, na maabara zetu zitazipata kwa masharti gani. Na mama aliyevuka kutoka Ukerewe na mtoto aliyevimba taya asomewe hayo kwa Kiswahili, au Kikerewe, kabla ya kutia dole gumba.

Kipindi kijacho tutasoma fomu ya ridhaa, mstari kwa mstari. Binti yule ndiye atakayeanza.